Vidonge vya Kugawana

Watu wakiniuliza mume wangu wa kwanza aliugua nini, huwa nawaambia wengu, yaishe. Nikisema kansa ya damu wananitazama kama mtu aliyetunga, maana hawa wa sasa wanadhani kansa imeletwa juzi na mafuta ya kupikia. Haikuletwa juzi. Ilikuwapo wakati wa Mwingereza, pale pale Mazinde katikati ya mkonge, na iliwakamata watu wawili ninaowajua mimi. Mmoja alikuwa mume wangu. Wa pili alikuwa memsahibu, mke wa injinia wa shamba, ambaye mimi nilikuwa yaya wa mtoto wake.

Mimi ni mtu wa hasira, hilo sijawahi kulificha, na habari hii sijawahi kuisimulia mpaka mwisho bila kugombana na mtu. Leo nipo peke yangu, hakuna wa kunikatiza, kwa hiyo nitajaribu.

Mume wangu alikuwa Mnyamwezi. Alikuja Mazinde kwa mkataba, yeye na mwenzake wa kijiji kimoja. Walipandishwa gari moshi huko kwao na blanketi moja moja begani, wakakata mkonge, na mkataba ulipokwisha hawakurudi. Mwenzake akaoa, na yeye akanioa mimi, Mzigua wa Misima huko Handeni. Sasa Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, kwa hiyo ndoa yetu ilianza kwa matusi. Siku ya posa shangazi zangu walimwambia hawatoi binti kwa mpagazi. Yeye akawajibu kwamba amekuja kutuokoa na njaa, maana mvua ya Handeni hainyeshi mpaka ipigiwe magoti. Mama yangu alicheka hadi akakaa chini. Hata ndani ya nyumba tuliendelea hivyo hivyo, akiniita mtani kabla ya kuniita mke.

Alipandishwa kutoka kwenye kukata, akawekwa korona, yaani kwenye ile mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka yabaki nyuzi. Kazi ya kelele na maji machungu yanayowasha ngozi. Alirudi jioni ananuka mkonge uliooza. Miezi ya mwanzo nilikuwa namwambia akaoge kabla hajavuka kizingiti, baadaye nikaizoea ile harufu, na baadaye tena nikawa naipenda. Hilo sikuwahi kumwambia, angenicheka mwaka mzima.

Ugonjwa ulianza kwa kuchoka. Alikuwa mtu wa kuamka kabla ya kengele ya kambi, sasa ikawa nampiga makofi ya mgongo ndipo anyanyuke. Akawa analowa jasho akiwa amelala tu. Halafu suruali ikaanza kukataa kufunga. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, palikuwa na kitu kigumu kilichokuwa kinakua, nikikigusa anakunja uso, halafu anasema, "Mtani, umenipa mimba. Wazigua hamna haya."

Pale kambini hakuna aliyeshangaa. Nusu ya watu walikuwa na wengu kwa sababu ya homa za mbu. Watoto walitembea matumbo yametangulia, ungedhani ndiyo umbo waliloumbwa nalo. Dresa wa zahanati ya shamba alimbonyeza, akasema wengu, akampa vidonge vichungu vya homa. Akavimeza vyote. Wengu ukaendelea kukua.

Mama yangu aliposikia akatuma mtu: mkwe wake aletwe Misima achanjwe. Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mtu mwenye wengu hulazwa kwenye mkeka, fundi anamchanja chale ndogo ndogo juu ya uvimbe, anapaka dawa ya majani yaliyochomwa, basi. Mimi mwenyewe ninazo hizo chale, ndugu zangu wote wanazo, na wengi wetu tulipona, au tungepona hata hivyo, Mungu ndiye anayejua. Haikuwa jambo la kujiuliza. Mume wangu akaomba ruhusa kwa mnyapara, tukapanda lori hadi Handeni, na kutoka pale tukatembea.

Fundi alikuwa mzee mmoja mpole sana. Mume wangu alilala kwenye mkeka huku akiwatania mashemeji zake kwamba wanamkata nyama ya kitoweo kwa kuwa mwaka huo mbuzi wao walikuwa wamekonda. Wembe ukapita. Kwa mtu mwingine damu ya chale hukauka mkiwa bado mnaongea. Yake haikukauka. Haikuwa ikiruka wala kumwagika, ilikuwa inatoka taratibu, bila kuacha. Fundi akapaka dawa mara ya pili, akapaka majivu, akabandika kitambaa, na kitambaa kikawa chekundu. Yule mzee akaweka wembe wake pembeni. Akamwambia mama yangu, "Mwanangu, hii siyo ya kwangu. Mpelekeni hospitali." Nikimlaumu mtu katika habari hii, simlaumu yeye.

Tulimbeba kwa machela mpaka barabarani, likaja lori la magunia ya mahindi, tukafika Handeni, kisha lori jingine tena hadi hospitali moja upande wa Korogwe. Mama yangu mdogo alikuwa anakaa Masuguru, jirani na pale, ndiko nilikofikia na ndiko nilikokuwa nampikia. Wodi ya Waafrika ilikuwa imejaa, aliyekosa kitanda analala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mwenzake. Wodi ya Wazungu ilikuwa juu kidogo, nyuma ya ua wa michongoma, na madirisha yake yalikuwa na wavu wa mbu. Mara nyingi nilipopita na sufuria yangu ya uji, haikuwa na mgonjwa hata mmoja.

Daktari alikuwa Mzungu kijana, shingo imeungua jua. Alimbonyeza mume wangu tumbo, akambonyeza tena. Akatoa damu kidogo kwenye kidole, akaenda nayo kuitazama kwenye darubini. Aliporudi alikuwa anamtazama mgonjwa kwa namna nyingine. Karani wa wodi ndiye aliyekuwa anatafsiri.

"Daktari anasema hii siyo homa," karani akaniambia. "Damu ina chembe nyekundu na chembe nyeupe. Za mumeo nyeupe zimezaliana kupita kiasi, nyekundu zimebaki chache. Hata huo wengu umejaa hizo hizo nyeupe."

Nilikuwa nimechuchumaa kando ya kitanda, nikasimama. Maneno yale nilikuwa nimeshayasikia, na sikuyasikia hospitalini.

Mwaka mmoja nyuma memsahibu wangu naye alikuwa anachoka. Alikuwa mwanamke wa kupanda farasi, akawa anashinda kitandani. Mimi ndiye niliyekuwa namfungulia mishono ya magauni kiunoni, maana hakutaka boi wa ndani ajue mwili wake unavyobadilika. Wakampeleka kwao Ulaya. Alikaa huko miezi, akarudi amekonda lakini anacheka, tumbo limerudi ndani, na kwenye meza ya chumbani kwake kukawa na chupa ya vidonge vidogo vyeupe. Siku moja nikimsaidia kuvaa alinieleza kwa Kiswahili chake kile cha jikoni: "Yaya, damu yangu nyeupe mingi sana, nyekundu kidogo. Daktari ya Ulaya napa mimi dawa. Sasa mimi mzima." Nilimwambia pole, nikamwambia hongera, nikaenda kumwogesha mtoto. Sikuwaza lolote zaidi. Maradhi ya Wazungu niliyaona kuwa ni mambo yao, kama jibini.

Basi nikamwambia karani, "Mwulize daktari, ndio ule ugonjwa wenye vidonge vidogo vyeupe?"

Karani akasita, akatafsiri. Daktari akanitazama, akauliza nimevionea wapi. Nikamwambia. Akafuta vioo vya miwani yake kwa shati. Kisha akasema ndiyo, ndio huo. Vidonge vipo. Haviuondoi ugonjwa, lakini vinaurudisha wengu mahali pake, vinaifanya damu itulie, vinampa mtu miaka ya kuishi.

"Miaka," nikasema. "Basi ampe."

Mara hii karani hakutafsiri. Alinijibu mwenyewe, kwa sauti ya chini. "Dada yangu, hivyo havimo humu."

Daktari aliahidi kuomba Dar es Salaam, na aliomba, hilo naliamini. Jibu alinipa mwenyewe akiwa anatazama viatu vyake: ile ni dawa ngeni, ni ghali, haijapangwa kwa wodi kama yetu. Sikumchukia daktari. Nilimchukia huyo aliyejibu, na sijui ni nani mpaka leo, ndiyo maana chuki yenyewe haijapata pa kukaa.

Damu ya chale ilikoma hatimaye kwa kufungwa na kufungwa tena. Wakaturudisha nyumbani.

Njia nzima ya kurudi Mazinde nilikuwa na jambo moja kichwani. Mume wangu alilijua. Akaniambia, "Usiende kumwomba yule mwanamke dawa yake. Ni aibu, na tena utafukuzwa kazi."

Nikamwambia, "Nyamaza wewe. Mpagazi hana aibu." Akacheka, akajishika ubavu.

Nilikwenda. Memsahibu alikuwa barazani anashona. Mtoto alikuwa amelala. Nikamweleza mume wangu ana ugonjwa ule ule, na daktari amesema hivi na hivi, na vile vidonge viko kwake tu, hakuna pengine. Nilidhani hataelewa, nikarudia. Alikuwa ameelewa tangu mwanzo. Aliiweka sindano chini.

"Hapana, yaya," akasema. "Mimi napata hii kutoka Ulaya na meli. Daktari nahesabu kwa mimi. Kama mimi nagawa, mimi nakufa."

Nilisema ndiyo, memsahibu. Nikaenda nyuma kwenye mawe ya kufulia nikalia mpaka nikachoka, na kumtukana nilimtukana kwa Kizigua, matusi ambayo hata mama yangu asingeamini kwamba nayajua. Nikamfulia nguo zake, nikazipiga jiweni kwa nguvu kuliko zilivyostahili. Lakini nataka niseme kweli, maana wengi nikifika hapa wanataka nimfanye shetani nimalize: siku chache baadaye aliniita chumbani, akafunga mlango, akanihesabia vidonge kwenye kiganja. Mikono yake ilikuwa baridi. "Moja asubuhi," akasema. "Bwana hapana jua. Wewe hapana sema kwa mtu." Nikapiga magoti. Akaniambia nisipige magoti, akageukia dirishani.

Nilivifunga kwenye kipande cha kanga, nikaviweka ndani ya mkebe wa majani ya chai. Kila asubuhi nilimpa mume wangu kimoja, nikisimama mbele yake mpaka ameze, afungue mdomo nione. "Mtani, mimi si punda," akawa ananiambia. Wiki zikapita, na nikaona kwa macho yangu. Jasho likapungua. Akaanza kumaliza ugali wake, akaanza kuulizia mboga. Ule ugumu wa ubavuni ukawa unanyanyuka kidogo kidogo kurudi juu, mpaka siku moja nikaweka mkono pale nikapapasa, nikakosa. Nililia tena, safari hii mbele yake, na yeye akasema Wazigua ni watu wa ajabu, ukiumwa wanalia, ukipona wanalia. Suruali yake ikafunga. Akarudi korona.

Memsahibu akanipa mara ya pili. Safari hii aliuliza, "Naona yeye nafuu?" Nikamwambia nafuu kubwa. Akatabasamu, tabasamu la kweli, akashika ubavu wake mwenyewe bila kujijua. Siku ile tulikuwa kama wake wenza wa ugonjwa mmoja, na nilimpenda. Sioni haya kulisema.

Kilichofuata ndicho kinachonigombanisha na watu.

Pale kambini wanaume waliotoka sehemu moja ya bara walikuwa wanakula pamoja. Kila nyumba inapika, ugali unatoka nje kwenye sinia, wanakaa duara, leo kwa huyu kuna maharage, kesho kwa yule kuna dagaa, na asiye na kitu siku hiyo anakaa na kunawa kama wengine. Hakuna aliyekula ndani peke yake na mlango wake umefungwa. Mtu wa namna hiyo angeitwa mchawi, au vibaya zaidi, angeachwa asiitwe kitu chochote. Mume wangu aliishi hivyo tangu aliposhuka kwenye gari moshi. Na wale wanaume waliokaa naye kwenye sinia walikuwa na macho. Walimwona tumbo likikua, wakamwona anarudishwa kwa lori amefungwa matambaa, halafu wakaona tumbo limeondoka. Tena kwa vidonge.

Mwenzake wa kijiji kimoja alikuwa na mtoto wa kiume mwenye wengu hadi kitovuni.

Niligundua mkebe ukiwa mwepesi. Nilikuwa nimeanza kumwachia ajimezee mwenyewe, kwani nilitakiwa kwa memsahibu mapema na yeye alikuwa amekwisha kuwa mzima, anapiga miluzi. Nilifungua mkebe ili nichote majani ya chai, nikafungua kile kitambaa. Vilikuwa vimebaki viwili. Kwa hesabu yangu vilitakiwa vifike mwisho wa mwezi.

Aliporudi nikamwonyesha. Hakukataa.

"Nimempa mwenzangu, kwa ajili ya mtoto," akasema. "Na yule wa nyumba ya mwisho, mkewe ana wengu. Na wengine wawili."

"Umewapa dawa yako?"

"Mimi si nimepona? Wengu si umeondoka? Wewe mwenyewe ulipapasa."

"Ile siyo dawa ya wengu!" nikapiga kelele, na majirani wakanyamaza huko nje. "Ni dawa ya damu. Wao wana wengu wa mbu. Haitawasaidia kitu!"

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Akaniuliza tofauti yake ni nini. "Wengu wao uko hapa, wangu ulikuwa hapa. Wao wanachoka, mimi nilichoka. Wangu umeondoka kwa dawa ile. Nani aliyetuambia kwamba wa kwao hautaondoka?" Nikafungua mdomo nimweleze. Nilikuwa na maneno ya karani tu, nyeupe na nyekundu, na yeye alikuwa ameyasikia pamoja nami. Hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akatueleza zaidi ya pale.

"Nakula nao kila siku," akasema. "Mwenzangu anamwona mtoto wake anavimba, na mimi nina dawa kwenye mkebe. Nimwangalie tu? Ningemezaje?"

Nikamwambia yule Mzungu wangu ameweza kumeza. Nikamwambia ajifunze kwake. Ni maneno niliyoyasema kwa hasira, lakini hata leo nikiyapindua sijui kama yalikuwa ya uongo. Mwenye dawa alikuwa ameelezwa na daktari wake, kidonge kwa kidonge, ni cha nini na ni cha nani. Mume wangu alipewa dawa iliyofichwa, kwa mlango uliofungwa, na mimi nikamletea hivyo hivyo, bila maelezo.

Kwa muda alikaa vizuri. Nikaanza kuamini kwamba pengine vilivyoingia vilitosha. Halafu ubavu ukaanza tena, na safari hii haukwenda polepole. Fizi zikawa zinatoka damu akila. Pua ikatoka damu kazini, wakamrudisha kwa toroli ya mkonge, amekaa juu ya majani, watu wakidhani amekatwa na mashine.

Nilirudi kwa memsahibu. Nilimkuta amekaa, uso wake una rangi ya unga wa muhogo. Kabla sijasema, akasema yeye: "Hapana, yaya. Meli nachelewa. Mimi sasa nakula nusu." Akanionyesha kisu kidogo na kidonge kilichokatwa kati. Sikumwomba mara ya pili. Sikumwambia pia vile vyake vilikwenda wapi. Ningeanzaje? Kwamba yeye anakata kidonge kwa kisu, na mtoto wa kambini amepewa vizima vizima kwa ugonjwa mwingine?

Tulimpeleka tena hospitali. Daktari yule yule akaja, akamwona, akakaa kitandani kwa mgonjwa, jambo ambalo sikuwahi kuona Mzungu akilifanya. Hakuomba Dar es Salaam mara hii. Mume wangu akamwambia karani, "Mwambie bwana daktari arudishe uso wake, mimi sijafa bado, mke wangu ataogopa." Karani alitafsiri huku anafuta macho. Tulirudi Mazinde kwa kuwa alitaka afie kwa watu wake wa sinia. Akafa wakati wa masika, mchana, mvua inapiga bati, kichwa chake kiko mapajani mwangu. Neno la mwisho aliloniambia ambalo nililielewa lilikuwa kwamba miguu yangu ina mifupa, hailaliki.

Watani wa kumzika walikuwa Wazigua, yaani jamaa zangu mimi. Walikuja kutoka Misima na mvua ile. Mjomba wangu mmoja akajaza kanga ndani ya shati upande wa kushoto, akawa anapita uani anajishika ubavu, anakunja uso vile vile alivyokuwa anaukunja marehemu. Mwingine akasimama mbele ya jeneza akalizuia. "Amka wewe. Kipande chako cha kazi hakijajaa siku, mnyapara anakutafuta." Watu wakacheka katikati ya kilio. Mimi nilikuwa mlangoni na wanawake, nikacheka pia, kwa sababu alikuwa amemwigiza barabara, mpaka ule mkunjo wa midomo. Halafu kicheko kikageuka, wakanishika.

Mke wa yule mwenzake alikuja kunipa mkono, mtoto amembeba mgongoni. Wengu wa mtoto ulikuwa pale pale, haukupungua hata unyayo wa kuku. Alitaka kusema kitu, nadhani kunishukuru. Nikamwambia, dada, kakae.

Eda nilikaa Misima kwa mama. Miezi ile mjane hatoki. Nilikuwa kwenye mkeka wangu siku motokaa ya injinia ilipokuja mpaka uwanjani kwetu, kuku wakatawanyika, na watoto wote wa kijiji nyuma yake. Memsahibu alishuka peke yake na dereva. Kutoka Mazinde hadi Misima kwa barabara ile ya matope si safari ya kumpa mtu pole na kurudi, hilo nililijua alipoinama mlangoni. Gauni lake lilikuwa limefunguliwa mishono. Nani aliyemfungulia, sijui.

Alikaa kwenye mkeka. Alileta sukari na majani ya chai. Akasema pole, pole sana, na machozi yalimtoka ya kweli. Mama yangu akamletea maji. Tukakaa. Kisha akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ya mtoto anayeomba kitu kwa watu wasio wa kwao:

"Yaya. Dawa ile. Nabaki?"

Nilimtazama. Nilitaka kucheka, na nilitaka kumpiga, na nilitaka kumlaza kichwa mapajani. Alikuwa amekuja njia yote ile kuuliza kama marehemu ameacha vidonge. Na mimi nilijua viko wapi. Viko matumboni mwa watu wa kambi, vimekwisha kupita, havikumfaa hata mmoja.

"Vimekwisha, memsahibu," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama aliyelijua jibu tangu Mazinde. Dereva akamsaidia kuinuka.

Nilidhani na yeye atakufa. Mwaka ule nilikuwa naamini tulikuwa sawa mimi na yeye, mizani ya Mungu imesimama katikati. Haikuwa hivyo. Vidonge vyake vilipokwisha ndege ilikuja Tanga ikamchukua, ikampeleka kwao, na kwao akatiliwa damu ya watu wengine na akapewa chupa mpya. Vilipokwisha vya mume wangu kulikuwa na toroli ya mkonge.

Eda ilipokwisha nikaletewa ujumbe: memsahibu amerudi, anamtaka yaya wake. Mama akaniuliza kama nitakwenda. Nikamwambia ningekula nini. Nikarudi Mazinde, nikamkuta barazani, mashavu yamejaa, magauni yameshonwa tena kiunoni, farasi ametandikwa. Alinikumbatia. Akanipa kazi moja zaidi, kwa vile nilikuwa naujua ugonjwa wake na maboi wa jikoni hawakuujua. Kwa miaka yote aliyoishi pale Mazinde, na ilikuwa mingi, kila asubuhi nilimpelekea glasi ya maji chumbani, yeye akachukua kidonge kutoka kwenye chupa, akakiweka ulimini, akameza. Nilisimama mbele yake mpaka amalize, kisha nikaenda kuiosha glasi.